Kompyuta ya Nyumbani Inaganda au Haiwaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa ajili ya kompyuta ya mezani ya zamani inayotumiwa na familia nzima: watoto wanafanyia kazi za shule, mama anawekea hesabu za duka, na ndani yake kuna picha za harusi na misiba ya miaka kumi. Mengi yanaifaa laptopu pia. Lile sanduku lenye mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani) ambalo wengi huliita "CPU" tutaliita boksi, ili tusichanganye na prosesa, ile chipu inayofanya mahesabu yote, iliyo ndani yake.

Tunasisitiza jambo moja kabla ya yote. Usikubali mtu "apige Windows" upya kabla mafaili hayajatolewa na kabla sababu ya ugonjwa haijajulikana. Ukanda wetu una hewa ya chumvi, unyevunyevu, vumbi na umeme unaoyumba, na vitu hivyo huharibu vifaa kwanza. Windows mpya haitibu pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi) iliyochoka wala RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyoshika kutu. Itakachofanya ni kufuta picha zako, na wiki mbili baadaye kompyuta itaganda tena.

Imeanza kuganda lakini bado inawaka. Nianze na nini?

Anza na mafaili, na uyatoe leo. Chomeka flashi au hadi diski ya nje, fungua diski C, ingia kwenye folda ya Users, kisha kwenye jina la mtumiaji. Nakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Tanguliza vitu visivyopatikana tena popote, yaani picha, hesabu, vyeti vilivyoskaniwa. Filamu na muziki viwe vya mwisho. Nakili kwa mafungu madogo, folda moja moja, maana ikiganda katikati utajua umefika wapi.

Ukimaliza, chukua daftari uandike inaganda lini. Taarifa hiyo ina thamani kuliko kifaa chochote cha fundi. Ikiganda dakika 10 hadi 30 baada ya kuwaka, hasa mchana, na ikipumzika inakaa sawa, shuku joto. Ikiganda huku taa ndogo ya diski mbele ya boksi imewaka mfululizo bila kupepesa, shuku diski. Ikiganda ovyo bila mpangilio, leo kwenye maandishi, kesho kwenye muziki, na mara nyingine ikaleta kioo cha bluu, shuku RAM au umeme. Ikiganda tu ukifungua intaneti, huenda vifaa ni vizima na tatizo ni nafasi ndogo ya RAM.

Nikibonyeza kitufe hakuna kinachotokea kabisa. Imekufa?

Mara nyingi bado. Tembea kutoka ukutani kuelekea ndani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Kisha ruka ekstensheni, chomeka boksi moja kwa moja ukutani. Badilisha waya wa umeme kwa ule wa monita, kwa kawaida unafanana. Ndani ya plagi yetu ya pini tatu bapa mna fyuzi ndogo, nayo huungua kimyakimya. Angalia nyuma ya boksi kama swichi ya pawa saplai iko upande wa "I".

Kwenye boksi za mtumba kuna kitu kingine cha kuangalia, swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115, siku ya kwanza ya kuchomeka utasikia mlio na harufu ya kuungua, na pawa saplai imekwisha. Ikague kabla ya kuchomeka kompyuta yoyote iliyotoka nje ya nchi.

Yote yakiwa sawa, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki ndani iishe, kisha chomeka ujaribu tena. Hatua hii peke yake huamsha kompyuta nyingi baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo.

Bado? Fungua pembeni. Mazabodi nyingi zina taa ndogo ya kijani inayowaka boksi likiwa limechomekwa hata kama halijawashwa. Ikiwaka, umeme wa akiba wa volti 5 unafika, kwa hiyo chunguza kitufe chenyewe. Tafuta pini mbili za kitufe kwenye mazabodi, zimeandikwa PWR_SW, PWRBTN au neno linalofanana na hayo. Chomoa kijiwaya chake, gusa pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, kitufe ndicho kibovu, na unaweza kuhamishia waya wa kitufe cha "reset" pale ukaendelea na maisha.

Nitajuaje kama pawa saplai ndiyo mbovu?

Hili linawezekana nyumbani ukiwa na multimita ya kawaida, ila ufuate mpangilio. Chomoa umeme. Toa plagi zote za pawa saplai kutoka mazabodi, diski na kadi. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 (za zamani zina 20) kuna waya mmoja tu wa kijani. Unganisha tundu la kijani na tundu lolote la mweusi kwa kipande cha waya wenye ganda. Acha draiva ya CD ya zamani pekee ikiwa imechomekwa iwe mzigo, kwa sababu baadhi ya pawa saplai hazitaki kuwaka zikiwa tupu. Sasa washa. Feni ikizunguka, pima: waya wa njano dhidi ya mweusi uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau ni ule umeme wa akiba, nao uwe karibu na 5 hata kabla ya kuwasha.

Feni kuzunguka si cheti cha uzima. Pawa saplai iliyochoka hutoa volti 12 nzuri ikiwa haina kazi, halafu inashuka hadi 11 prosesa ikianza kuhangaika, na hapo ndipo kompyuta inapoganda au kujizima. Ukiweza, pima tena mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kuingiza ncha ya mita nyuma ya plagi.

Baadhi ya maboksi madogo ya ofisini yana plagi ya pini 8 au mpangilio wake wenyewe wa rangi. Hayo usiyafanyie jaribio hili. Na usifungue kasha la pawa saplai lenyewe kwa vyovyote vile. Kapasita zake hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa, na zinaweza kuua.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi.

Angalia kwanza waya wa monita umechomekwa wapi. Boksi lenye kadi ya picha huwa na matundu mawili ya kioo, na lile la mazabodi mara nyingi hulala kadi ikiwepo. Hamishia kwenye kadi.

Baada ya hapo, mtuhumiwa mkubwa huku pwani ni RAM. Mistari yake ya dhahabu na ile ya ndani ya tundu hupata utando mwembamba kutokana na unyevu wa chumvi, mguso unakatikakatika, na mazabodi inakataa kuanza. Hufanyika zaidi kwa kompyuta iliyokaa bila kuwashwa miezi kadhaa ya mvua, tuseme Desemba hadi Aprili. Dawa yake ni rahisi mno kiasi kwamba inaumiza kusikia mtu ametupa kompyuta kwa sababu hiyo.

Chomoa umeme. Gusa chuma cha boksi ili chaji ya mwilini itoke. Bana vishikio vya pembeni, RAM itaruka juu. Isugue mistari ya dhahabu pande zote mbili kwa kifutio laini cha penseli, taratibu, ukielekea nje, hadi ing'ae. Usitumie msasa wala kisu, kwa sababu tabaka la dhahabu ni jembamba sana na likiisha kutu itarudi kwa kasi. Futa vumbi la kifutio kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke kabisa dakika 10. Safisha tundu kwa brashi kavu ya rangi. Rudisha kipande kimoja tu hadi vishikio vyote viwili vidake kwa mlio, kisha washa. Isipokubali, jaribu tundu la pili, halafu kipande cha pili. Kwa njia hii utajua kama kibovu ni kipande au tundu.

Ukinunua RAM nyingine, ujue aina zake, DDR2, DDR3 na DDR4, haziingiliani. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 lakini pengo la katikati liko mahali tofauti. Isipoingia kwa nguvu ya vidole viwili, si ya hapo.

Kompyuta ikipiga milio badala ya kuonyesha picha, hesabu milio hiyo, mifupi na mirefu. Maana yake hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini mlio unaojirudiarudia bila kioo kwa kawaida unaelekeza kwenye RAM au kadi ya picha.

Kwa nini inaganda mchana tu, na usiku ni nzima?

Ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 90 hadi 100 hujipunguza kasi ili isiungue, na wewe unaona mausi inakokota. Ikizidi hapo inajizima ghafla. Chumba chenye bati bila dari, saa nane mchana, boksi limesukumwa ndani ya kabati la meza na nyuma limegusa ukuta: feni inavuta hewa ileile ya moto iliyotoka nayo. Vuta boksi lipate angalau sentimita 15 nyuma na pembeni, na lisikae sakafuni. Hatua hiyo ni bure na huleta tofauti siku hiyohiyo.

Kisha vumbi. Fungua pembeni uangalie kati ya feni ya prosesa na vile vibati vya alumini chini yake. Mara nyingi utakuta blanketi la kijivu. Katika msimu wa korosho, nyumba zilizo jirani na maghala au barabara za vumbi za Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa huziba feni kwa miezi michache tu. Nyumba za Shangani au Mikindani, karibu na bahari, vumbi lao ni baya kwa namna nyingine: lina chumvi inayovuta maji, kwa hiyo linageuka tope jembamba linalopitisha umeme.

Beba boksi nje, kwenye kivuli. Tumia brashi laini kavu na blowa ya mkono. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa kasi kubwa bearingi zake huharibika. Usiende kupuliza kwa kompresa ya kujazia matairi. Tangi lake hukusanya maji, hasa kwenye hali yetu ya hewa, na utayapuliza juu ya mazabodi.

Kompyuta ikiwa na zaidi ya miaka mitano na haijawahi kufunguliwa, pesti ya joto kati ya prosesa na alumini imekauka kuwa unga. Iwashe dakika tano ili pesti ilainike, izime, chomoa, kisha legeza kibati cha alumini ukikizungusha kidogo kulia na kushoto kabla ya kunyanyua. Kwenye prosesa za AMD za zamani, ukivuta juu moja kwa moja prosesa hung'oka nayo na pini zake zikapinda. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka pesti mpya kiasi cha punje moja ya mchele katikati, basi. Nyingi haipoozi zaidi, inamwagika tu pembeni. Dawa ya meno, ambayo bado inashauriwa na watu, hukauka kwa siku chache na kuacha hali mbaya kuliko mwanzo.

Vishikio vinne vya plastiki vya Intel vibonyezwe kwa mshazari, kimoja hapa, cha kinyume chake pale, na kila kimoja kilie. Kisha geuza boksi uone ncha zote nne zimetokea nyuma ya mazabodi. Kimoja kikibaki kimelegea, joto litapanda nyuzi 20 na utadhani pesti ni feki.

Tuifunike kwa nailoni kuzuia vumbi na chumvi?

Nailoni hapana. Inafungia unyevu ndani. Tumia kipande cha kanga au kitenge, na ukitoe kabla ya kuwasha. Kinga bora ya unyevu ni kuitumia: iwashe angalau saa moja kila wiki hata kama hamna kazi nayo. Joto lake lenyewe hukausha ndani. Kompyuta iliyofungiwa kwenye chumba cha wageni mwaka mzima huzeeka haraka kuliko inayofanya kazi kila siku.

Tumekuta sisimizi na mjusi ndani.

Kawaida sana. Mjusi akigusa nyaya ndani ya pawa saplai hupiga shoti na kufa naye. Ziba mapengo ya kadi nyuma ya boksi kwa vibati vyake au kwa karatasi ngumu, lakini usizibe matundu ya hewa. Usipulize dawa ya wadudu ndani. Mafuta yake hushika vumbi. Wafukuze kwa kusafisha na kuacha kula biskuti juu ya kibodi.

Kila nikiwasha inaomba F1 na saa inarudi miaka mingi nyuma.

Betri ya saa imekwisha. Ni CR2032, duara kama sarafu, volti 3, inapatikana hata kwenye maduka ya saa. Ikipima chini ya 2.7 ibadilishe, maandishi yakiwa juu. Tarehe ikiwa imekosewa, tovuti nyingi zitakataa kufunguka zikidai muunganisho si salama, na mtu ataanza kulaumu bando.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui, nalo limesababisha mafaili mengi kufutwa bure. Betri ikifa, mipangilio yote ya BIOS (programu ndogo ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) hurudi ya kiwandani, ukiwemo ule unaoiambia mashine isome diski kwa mtindo gani: IDE, AHCI au RAID. Kama Windows iliwekwa chini ya AHCI na BIOS imerudi kwenye IDE, utapata kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B kila ukiwasha. Diski ni nzima, Windows ni nzima. Ingia BIOS (F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP nyingi, F1 kwa Lenovo nyingi za mezani), tafuta sehemu ya SATA, badilisha mtindo, hifadhi, washa tena. Usipojua ulikuwa upi, jaribu mmoja baada ya mwingine. Ukikosea itaishia kwenye kioo kilekile cha bluu, ubadilishe tena.

Inaandika "No bootable device" au "BOOTMGR is missing".

Chomoa flashi zote na CD kwanza. Kompyuta nyingi zilizotangazwa kufa zilikuwa zinajaribu kuanzia kwenye flashi ya mtoto.

Kisha ingia BIOS uone kama jina la hadi diski limeorodheshwa. Halipo? Fungua boksi, chomoa na uchomeke tena waya bapa wa data na ule wa umeme pande zote mbili. Jaribu waya mwingine, kisha tundu lingine kwenye mazabodi. Waya wa data ni wa bei ndogo na huharibika kuliko watu wanavyodhani. Jina likiwepo lakini Windows haianzi, tatizo liko kwenye mafaili ya kuanzia. Washa kwa flashi ya Windows ya toleo lilelile, chagua ukarabati badala ya kusakinisha, fungua dirisha la amri, andika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot, kisha bootrec /rebuildbcd. Amri hizo ni za mashine zinazoanza kwa mtindo wa zamani wa BIOS, ambazo ndizo nyingi za umri huu, na hazigusi mafaili yako.

Ukisikia diski ikigonga tik-tik-tik, zima papo hapo. Kichwa cha kusomea kinashindwa kujipata, na kila dakika inayopita kinaweza kukwaruza picha zako. Usiigonge, usiiweke kwenye friji.

Inafika kwenye nembo ya Windows halafu inaganda au inajiwasha upya.

Jaribu kuingia kwa Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu. Kwenye Windows 7 gongagonga F8 mara tu baada ya kuwasha. Kwenye Windows 10 izime kwa kitufe mara tatu mfululizo nembo inapotokea, mara inayofuata italeta menyu ya ukarabati yenyewe. Ikiingia Safe Mode na kutulia, vifaa vikubwa ni vizima: ondoa programu au draiva iliyowekwa siku za karibuni, au rudisha mfumo kwenye tarehe ya nyuma kwa System Restore. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow, usubiri ifike asilimia 100.

Watu hukimbilia chkdsk /r. Ni amri nzuri kwa diski nzima yenye makosa ya mafaili, lakini kwa diski inayokufa ni sawa na kumkimbiza mgonjwa. Husoma kila sehemu, huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati hali inazidi. Nakili mafaili kwanza.

Haiingii popote? Tengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kwenye kompyuta ya jirani au ofisini. Flashi ya GB 8 inatosha. Iwashe kwayo (F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP nyingi) na uchague kuitumia bila kusakinisha. Itafungua skrini yake yenyewe ya kazi (desktop), utaiona diski ya Windows, na utanakili mafaili kwenda diski ya nje. Ni jaribio pia: ikikaa kwenye Linux saa nzima bila kuganda, mtuhumiwa ni diski au Windows. Ikiganda hata huko, rudi kwenye joto, RAM na umeme.

Nitajuaje diski inakufa kabla haijafa?

Weka programu ya bure inayosoma afya ya diski, CrystalDiskInfo kwa mfano. Tazama mistari mitatu: namba 05, C5 na C6. Hiyo huhesabu sehemu zilizoharibika au zinazosubiri hukumu. Katika safu ya thamani ghafi (Raw Values), sifuri ndiyo tunayoitaka. C5 ikipanda kutoka 0 hadi 8, kisha 40 wiki inayofuata, diski hiyo inaaga.

Ukibadilisha, weka SSD (diski ya chipu) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 zinatosha familia nyingi. Hakuna badiliko lingine linaloifufua kompyuta ya zamani kama hili. Ile iliyokuwa inachukua dakika nne kuwaka itachukua chini ya moja. Pia haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo huvumilia safari za barabara mbovu.

Umeme wetu unayumba. Ninunue stabilaiza au UPS?

Kila kimoja kina kazi yake. Stabilaiza hunyanyua volti zikishuka na kuzishusha zikipanda, lakini umeme ukikatika kompyuta inazimika nayo. UPS ina betri ndani, nayo hukupa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa kompyuta ya mezani na monita bapa, zinazokula kama wati 80 hadi 150, UPS ya VA 650 inatosha. Usichomeke pasi, feni ya chumba wala printa ya leza kwenye UPS hiyo. Betri ya ndani kwa kawaida ni volti 12, Ah 7, na kwenye joto letu usitarajie izidi miaka mitatu. Kuna nyumba zina UPS ambayo betri yake ilikufa zamani, na wenyewe wanaamini wana kinga. Ijaribu: ichomoe ukutani kompyuta ikiwa imewaka na hakuna faili lililofunguliwa.

Kama huna UPS, kuna tabia moja ya bure yenye nguvu. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uwashe. Mafriji na mapampu ya mtaa mzima huanza kwa pamoja dakika zile za mwanzo, na volti hurukaruka. Kwenye radi, chomoa boksi, monita, na hata waya wa mtandao. Swichi iliyozimwa haizuii radi.

Kwa jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke kompyuta, na kompyuta izimwe kabla mafuta hayajaisha. Kwa sola, inveta ya wimbi safi ndiyo salama. Zile za bei nafuu hufanya baadhi ya pawa saplai kulia au kuzima zenyewe.

Ukigusa chuma cha boksi ukasikia kitu kama sisimizi wanatembea kidoleni, waya wa ardhini haupo au umekatika. Kichujio cha pawa saplai hupitisha umeme kidogo kwenda kwenye boksi, na unatakiwa uende ardhini, wewe unakuwa njia. Ekstensheni za pini mbili ndizo zinazosababisha hili mara nyingi. Mwite fundi umeme. Watoto wanagusa boksi hilo.

Vifaa ni vizima, inaganda nikifungua intaneti tu.

RAM ya GB 2 haitoshi kurasa za leo. Iongeze ifike 4, au 8 mazabodi ikikubali. Funga vichupo, usiwe na antivairasi mbili kwa wakati mmoja, maana hupigania kila faili na mashine inasimama. Acha angalau GB 15 wazi kwenye diski C.

Tubaki na Windows ipi?

XP iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, ambazo kompyuta nyingi za umri huu hazina. Kwa kuandika, kusoma PDF na intaneti, Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, inaenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, na haisumbuliwi na vairasi wa flashi wanaogeuza mafolda kuwa shotikati. Kama kuna programu ya hesabu ya duka inayotaka Windows pekee, ibakize, lakini usiifanyie miamala ya benki.

Ni wakati gani wa kukata tamaa?

Mulika tochi kwenye mazabodi. Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kutoa ute wa kahawia, hapo ndipo kuganda kunakotoka. Fundi redio mzuri anaweza kubadilisha tatu au nne, zenye uF (kipimo cha uwezo wa kapasita) ileile na volti sawa au zaidi. Zikivimba kumi, au kutu ya kijani ikiwa imekula njia za shaba, tafuta boksi lingine la mtumba uhamishie diski, RAM na monita.

Tunaipeleka kwa fundi mjini. Tujiandae vipi?

Kutoka Liwale au Nanyumbu hadi Masasi au Mtwara, barabara yenyewe inaweza kuleta ugonjwa mpya: RAM hulegea, kibati cha prosesa huchomoka. Kwa safari ndefu toa RAM, ifunge kwa karatasi, laza boksi ubavuni mazabodi ikiwa chini, lipakatwe au liwekwe juu ya godoro, lisiende kwenye buti chini ya magunia. Kama hukufanikiwa kutoa mafaili, mwambie fundi mbele ya shahidi, na uandike kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya boksi: USIFOMATI. Mpe lile daftari la lini inaganda. Kabla ya kuondoka, piga picha kwa simu lebo ya hadi diski na ya kila kipande cha RAM, namba zionekane, na siku ya kuichukua fungua pembeni ulinganishe kabla ya kulipa.